Tuta la Nyuma ya Bafu

Manyoni, 8 Julai 2024

Wifi Witness,

Shikamoo. Natumaini wewe na kaka Emilian ni wazima. Mimi nimefika shuleni salama.

Nakuandikia jambo nililotaka kukwambia siku ya mwisho ya likizo. Nilikuja mpaka mlango wa jikoni, ukaniuliza kama nataka chai, nikasema hapana, nikaondoka. Chai pia nilikuwa naitaka. Nadhani kwa kalamu nitaeleza vizuri zaidi.

Nyuma ya bafu, kwenye lile tuta karibu na mpapai mnapomwaga maji ya kusuuzia vyombo, nimepandikiza miche kama arobaini. Ni viazi mviringo. Najua watu hupanda viazi kwa kuzika kiazi chenyewe. Hivi nimevipanda kwa mbegu halisi. Kwenye nchi za baridi kiazi kikishatoa maua hutoa na tunda, la kijani, kama nyanya changa, na ndani yake kuna mbegu. Rafiki yangu Lucy, anayelala kitanda cha juu yangu, kwao ni Makete. Mwaka jana aliniletea matunda hayo yakiwa ndani ya soksi. Niliyaponda, nikayaloweka kwenye kikombe mpaka ule utelezi ukaisha, nikazianika mbegu juu ya karatasi, nikazitunza ndani ya kitabu cha Biolojia. Ni ndogo kuliko za nyanya. Mwezi wa sita nilizisia kwenye lile beseni lililopasuka.

Nilichokitafuta ni hiki. Ukizika kiazi, unapata kiazi kilekile. Ukisia mbegu, kila mche unakuwa na tabia yake, kama watoto wa tumbo moja wanavyotofautiana. Mmoja unaweza kuzaa viazi vyekundu, mwingine vyeupe, mwingine usizae kabisa. Viazi tunavyokula Singida vinaletwa kutoka kwenye baridi. Nataka kujua kama katika miche yangu upo hata mmoja utakaolivumilia jua la Unyambwa.

Naomba uinyweshe maji kidogo jioni, yasiwe ya sabuni, na kuku wasifike. Ikipita urefu wa kiganja ipandishiwe udongo. Msimu wa kwanza viazi vinakuwa vidogo kama gololi. Hivyo haviliwi, vinapandwa tena.

Samahani kwa kukuongezea kazi. Barua hii nampa kondakta, amwachie kaka pale kiwandani anakokamua alizeti.

Wako,
Felista Gabrieli


Unyambwa, 4 Agosti 2024

Wifi yangu Felista,

Marahaba. Barua yako imefika, lakini ililala kwanza kwenye koti la kazi la kaka yako. Nimeikuta Jumanne nilipotaka kulifua. Nikamuuliza, akasema, "Aa, ile ya Felista? Si habari za viazi tu." Mwanaume huyo.

Viazi vyako visikutie wasiwasi, vipo. Nimevizungushia miiba ili kuku wasipite, na maji napeleka mwenyewe.

Mama alitutembelea kutoka Mitundu Jumamosi ya kabla ya hapo. Hakutoa taarifa, nimemwona tu mlangoni na kikapu chake. Alikaa siku mbili akarudi. Hakuwa anajisikia vizuri, nadhani ni safari na jua.

Chai ungesema tu, wifi. Maandazi pia yalikuwepo. Mimi nilijua umenikasirikia. Likizo nzima uliniambia shikamoo na usiku mwema. Nilimuuliza Emilian, dada yako ana nini na mimi, akasema ndivyo alivyo, anasoma. Sasa kusoma kwa mtu mimi nitakujulia wapi. Na barua yako umeisaini mpaka jina la baba, nilidhani ni wito wa mahakamani.

Mwandiko wangu uvumilie. Mimi naijua zaidi cherehani.

Wifi yako,
Witness


Manyoni, 11 Agosti 2024

Wifi Witness,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa miiba.

Sikukukasirikia. Uso wangu ndio huo, hata kwenye picha ya shule niko hivyo.

Nina maswali. Miche iliyo hai ni mingapi? Shina likoje, jembamba au nene, na rangi yake ni ya kijani au ya zambarau? Majani yanafanana yote au kuna mche ulio tofauti na mwenzake? Tafadhali usinifiche kama imekufa. Kufa nako ni jibu.

Likizo fupi ya mwezi wa tisa sisi wa kidato cha tatu hatutoki, tunabaki kwa masomo ya ziada. Kwa hiyo macho yangu ni wewe.

Felista Gabrieli


Unyambwa, 1 Septemba 2024

Wifi Felista,

Nimekawia kukujibu, nina sare za shule nyingi za kushona. Maswali yako nimeyasoma kama mtihani, mpaka nikaenda kuchutama pale tutani ili nisikose.

Viazi vyako vina afya kabisa. Shina ni nene, la kijani. Kila shimo limetoa mashina matatu, mengine manne, yamejaa majani. Na vyote vinafanana, ukivitazama kwa mbali ni kama watoto wa shule kwenye gwaride. Umefurahi?

Naomba kitu kimoja. Ukiongea na mama usimtajie habari za hivi viazi. Ana mambo yake siku hizi, tusimchoshe.

Wifi yako,
Witness


Mitundu, 5 Septemba 2024

Mwanangu Felista,

Bwana Yesu asifiwe. Hapa sisi ni wazima. Nakuandikia kwa sababu simu ya matroni ina masikio mengi, na jambo hili ni la nyumbani.

Mwezi wa saba nilikwenda kwa kaka yako. Emilian alikuwa kazini. Yule mkewe akanipokea vizuri, akasema, "Mama, nimesikia unapenda mnavu, leo nakupikia." Akapika kwenye sufuria ndogo, akaniwekea mimi peke yangu. Yeye akala maharage. Nilipoonja nikaona mboga chungu sana, nikasema ni mnavu wa kiangazi, nikala kwa heshima. Haikupita muda tumbo likaanza. Nimetapika, nimeharisha, kichwa kinagonga. Kaka yako alinipeleka zahanati, nikatundikiwa maji. Nilikuwa najua nakufa, Felista.

Nilipopata nguvu nilimpigia yule binti nikamuuliza kwa upole, mboga ile uliitoa wapi. Akasema alinunua sokoni. Lakini mke wa Antipasi, jirani yao, anauza mboga hapohapo sokoni, na amenihakikishia kwamba wiki ile hakuna aliyeleta mnavu, kwa ukame. Basi mtu anayepika chakula halafu hakionji, na akiulizwa kilikotoka anadanganya, mimi nimweleweje? Neno lenyewe sitaki kulitaja. Watu wa hapa wameshalitaja.

Nimeitisha kikao Jumapili tarehe 22, palepale Unyambwa. Mjomba wake atatoka Ikungi kuja kumchukua. Kaka yako anasema nimsubiri, nimsubiri. Nisubiri mpaka anipikie tena?

Wewe usimwandikie tena. Desemba utashuka Itigi uje moja kwa moja huku kwangu.

Soma sana, na usali.

Mama yako


Manyoni, 9 Septemba 2024

Wifi Witness,

Nimekatazwa kukuandikia. Mama ndiye aliyenikataza, na sijawahi kumkaidi, kwa hiyo karatasi mbili nimezichana kabla ya hii.

Mbegu moja ya kiazi hutoa shina moja, jembamba kama uzi mwanzoni. Mashina manne kutoka shimo moja yanatoka kwenye macho ya kiazi kilichozikwa. Na miche ya mbegu haiwezi kufanana kama gwaride. Niliposoma barua yako nilijua kwamba ile siyo miche yangu. Nikanyamaza. Nikafikiri ilikauka, ukaona haya, ukanunua viazi ukazika mahali pake. Niliona ni jambo la huruma, nikasema tutacheka Desemba.

Sasa mama ameniandikia kuhusu mboga.

Nijibu swali moja tu. Jumamosi ile mnavu uliuchuma wapi? Kama ni nyuma ya bafu, niandikie haraka, sitakasirika hata kidogo. Majani ya viazi mviringo ni sumu. Ukiyachemsha bado ni sumu. Niliandika kurasa mbili kuhusu kuku na maji ya sabuni, na hilo sikuliandika, kwa sababu sikufikiri kuna mtu angeyala.

Kondakta nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Asimpe kaka. Lile koti nalijua.

Felista


Unyambwa, 12 Septemba 2024

Wifi,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikairudia nimekaa.

Ni nyuma ya bafu.

Mama alikuja bila taarifa. Ndani kulikuwa na maharage ya jana. Nikakumbuka Emilian aliwahi kuniambia mama yake akikuta mnavu haulizi nyama. Nikatoka nyuma, nikakuta mnavu umejiotea kama kawaida, na katikati yake miche laini imejipanga vizuri mstari mstari. Nikasema leo Mungu amenipandia. Niling'oa yote, wifi, mashina na majani. Mboga ikiiva inanywea, ilikuwa ya mtu mmoja, ndiyo maana sikula. Ningeanzaje kunyang'anyana mboga na mama mkwe siku ya kwanza anakula kwangu?

Halafu Jumanne nikafua koti.

Niliposoma barua yako niliacha koti kwenye maji nikatoka nyuma. Mimi nililia miche, sikujua habari ya sumu. Sisi tumekulia matembele. Nilijua jani la kiazi ni jani la kiazi. Nikanunua sokoni viazi vilivyotoa macho, nikazika kabla Emilian hajarudi. Mama alipopiga simu kuuliza mboga, barua yako ilikuwa mezani mbele yangu. Nikawaza, nikisema nyuma ya bafu atamwambia Felista, na Felista atajua nimemng'olea viazi vyake. Nikasema sokoni. Neno moja tu lile.

Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopa yeye. Shangazi yangu alinifunda siku tatu kabla ya harusi, na siku moja nzima ilikuwa ya mawifi. Wifi asiyesema, alisema shangazi, huyo ndiye. Na wewe husemi. Halafu unaandika, "Tafadhali usinifiche."

Sasa nikisimama mbele ya wazee niseme ni majani ya viazi vya Felista, nani atanikubalia? Nimeshasema sokoni. Wataona natunga. Emilian hali chakula changu tangu wiki iliyopita, anasema ameshiba kazini. Nguo zangu nimezikunja. Cherehani ni yangu, nitaondoka nayo.

Nisamehe kwa miche yako. Kweli ilikuwa mizuri.

Witness


Manyoni, 14 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo.

Uliniambia nisimwandikie wifi Witness, nami nimemwandikia. Nianze na hilo ili lisikukute mbele ya safari. Nisamehe. Lakini naomba usome mpaka mwisho kabla ya Jumapili ya kikao.

Kilichokuumiza nilikipanda mimi.

Mwezi wa sita nilisia mbegu za viazi mviringo, nikapandikiza miche nyuma ya bafu, hapohapo panapoota mnavu. Sikumwambia wifi, kwa sababu nilishindwa kufungua mdomo. Nilimwandikia nikiwa shuleni, na barua ikakaa kwenye koti la kaka mpaka wewe ulipokuwa umeshafika na kuondoka. Wifi alitafuta mnavu akupikie unachokipenda. Mche mdogo wa kiazi unafanana na mnavu, hata mimi ningekosea kama nisingeusia mwenyewe. Akang'oa vyote pamoja.

Najua utasema, matembele tunakula kila siku na hatufi. Kiazi kitamu na kiazi mviringo vinaitwa jina moja tu, udugu havina. Kiazi mviringo ndugu zake ni mnavu, nyanya, bilinganya na tumbaku. Katika ukoo huo wapo wanaolika na wapo wasiolika. Mama, hapo Mitundu mmezungukwa na tumbaku. Hakuna anayeweka jani la tumbaku kwenye sufuria, na wavunaji wake wakishika majani mabichi yenye umande wanatapika. Wewe mwenyewe ulinisimulia. Jani la kiazi nalo lina ukali wake. Uchungu ulioonja ndio huo.

Kuhusu kutokula pamoja nawe, mboga ilikuwa ndogo, akakuachia wewe yote. Kuhusu kusema sokoni, alidanganya. Alidanganya kwa kuniogopa mimi, nisije nikajua kwamba miche yangu imepikwa. Sikujua kama kuna mtu duniani ananiogopa.

Kama kuna wa kulaumiwa kwenye kikao, taja jina langu. Ningekuwa mbele yako nisingeweza kusema haya. Ungenitazama tu, nami ningenyamaza, na Witness angeondoka.

Tuta lile sasa lina viazi alivyozika yeye. Majani yake ni yaleyale. Tafadhali usiyaguse.

Barua hii anakuja nayo baba yake Nathanaeli wa darasani kwetu, anapita huko kununua asali. Ameniahidi Jumatano.

Mwanao,
Felista


Unyambwa, 23 Septemba 2024

Wifi yangu Felista,

Naandika jana ikiwa bado kichwani, ili nisisahau hata kidogo.

Mjomba wangu alifika mapema na kofia yake ya misibani. Wazee wawili wa upande wenu walikaa sebuleni. Mke wa Antipasi naye alikuja kuazima chumvi, akakaa. Mimi nimejifunika kanga, niko jikoni, nasubiri kuitwa. Mama alifika wa mwisho. Hakuingia ndani. Alipita pembeni ya nyumba, moja kwa moja mpaka nyuma ya bafu. Nikamfuata, sijui hata kwa nini nilimfuata.

Alisogeza miiba kwa mguu. Akachuma jani la kiazi, akalinusa, akalitia mdomoni, akatafuna.

Nikamwambia, "Mama, Felista amesema hilo ni sumu."

Akasema, "Najua alichosema Felista. Barua ninayo hapa."

Akatafuna tena kidogo, akatema. Akageuza ndoo iliyokuwa pale akaikalia, mkono mdomoni. Halafu akasema, "Lete maji." Nikaleta, akasukutua, akatema kwenye mpapai. Akasema, "Ndilo lenyewe. Uchungu huu sitausahau mpaka naingia kaburini."

Akaniuliza, "Kwa nini ulisema sokoni?"

Nikasema, "Nilimwogopa wifi."

"Wifi yupi?"

"Felista."

Wifi, mama yako alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa bafu. Akasema, "Felista? Felista anaogopa jogoo wa jirani. Mpaka darasa la sita nilikuwa namsindikiza dukani." Nisamehe, na mimi nilicheka, huku machozi yanatoka. Sebuleni waliposikia kicheko mjomba akatoka kuja kuona, akatukuta mmoja juu ya ndoo na mwingine ameshika jagi.

Aliingia akawaambia, "Wazee, mkwe wangu hana kosa la chakula. Ana kosa la uongo, na hilo nimelimaliza naye huko nyuma." Mke wa Antipasi akauliza, sasa sumu ilitoka wapi? Mama akamjibu, "Kwa binti yangu. Anasoma sayansi." Mjomba akavua kofia. Nikawapikia wali. Emilian alikuwa wa kwanza kusogeza sahani.

Nguo zangu nimezikunjua.

Kitu kingine. Alipokuwa pale kwenye ndoo mama alisema, "Hiki kimoja mbona si kama wenzake?" Chini ya mpapai, nyuma ya jiwe, kuna shina moja jembamba, limelala, lina ua la zambarau. Vingine vyote maua ni meupe. Sikukipanda mimi. Nadhani nilipong'oa kilikatikia, kikachipua tena. Sijakigusa. Niambie nifanye nini.

Witness wako


Mitundu, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Felista,

Bwana Yesu asifiwe.

Umenikaidi. Nimelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi, na sikupata pa kulishika ili nikugombeze. Basi nimeliacha.

Nimemwomba msamaha Witness mbele ya mjomba wake. Haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu, lakini maneno niliyokuwa nimeyasema hapa Mitundu yalikuwa mengi, na nimezunguka kuyarudisha nyumba kwa nyumba. Wengine wanapenda zaidi yale ya kwanza.

Sasa nisikilize. Siku nyingine ukipanda kitu chenye sumu kwenye nyumba ya mtu, sema kwa mdomo. Mdomo unao, nilikuzaa nao. Kuandika unaandika vizuri, nimemsomea mchungaji ile sehemu ya tumbaku na amekusifu. Lakini barua inalala kwenye koti.

Desemba nenda kwa kaka yako kwanza. Huku utakuja baadaye.

Mama yako


Unyambwa, 17 Novemba 2024

Wifi yangu,

Shina lako limekauka, nikafanya kama ulivyoagiza, nikafukua kwa kijiko. Mama alikuwepo, amekuja kwa ajili ya harusi ya hapa jirani, akashika taa ya simu ingawa ilikuwa mchana. Vimetoka vitano. Kikubwa kinalingana na yai la njiwa, kidogo ni kama punje ya mahindi. Rangi ni ya zambarau iliyoiva, kama bilinganya. Vile vya sokoni nimevuna siku hiyohiyo, vyeupe, nusu ndoo, tumekaanga. Hivyo vyako nimeviweka kwenye boksi la nyuzi, juu ya kabati, gizani. Emilian amekatazwa hata kulitazama boksi.

Mama ameviangalia sana. Akauliza kama ukivigawa anaweza kuondoka na kimoja. Nikasema siyo vyangu, hilo aulizwe mwenyewe.

Jioni mnavu ulikuwa umerudi pale tutani na hizi mvua za kwanza. Mama akaniita nje, akanionyesha mmoja mmoja, huu ndio, huu ndio, huu siyo. Tukauchuma pamoja, akaupika yeye. Nilipoleta sahani mbili akarudisha moja. Tumekula sahani moja, wifi, na tonge la kwanza alinipa mimi. Nikamwambia, "Mama, unanionjesha kwanza?" Akasema, "Ndiyo. Mimi yangu nilishaonja."

Unakuja lini?

Witness


Manyoni, 21 Novemba 2024

Wifi Witness,

Marahaba ya wiki iliyopita uliisahau, lakini shikamoo iko palepale.

Kimoja ni cha mama. Mwambie asikile, akizike mvua zikipungua, mahali penye kivuli cha jioni. Na majani yake anayajua. Kimoja ni cha Lucy, arudi nacho Makete akaone kimekuwaje kwenye baridi. Vitatu vinatutosha sisi. Mwaka ujao tukizika vitatu tutapata kiazi hikihiki, cha zambarau, na hakuna mahali pengine kilipo. Lucy anasema tukipe jina. Nimejaribu mengi kwenye karatasi nimeyafuta. Tutakipa tukiwa pamoja.

Tunafunga Ijumaa tarehe 6 Desemba. Nitapanda basi la asubuhi na nitafika mchana. Nitakuja mpaka mlango wa jikoni. Ukiniuliza kama nataka chai nikasema hapana, usiniamini.

Felista